Moto Juu, Moto Chini: Kuoka kwa Vilivyomo Jikoni

"Sina oveni." Ndilo jibu utakalopewa karibu kila mara ukimuuliza mtu kwa nini hununua keki na mikate dukani ilhali unga, sukari na mafuta anavyo nyumbani. La pili hufuata papo hapo: mayai ghali, siagi ghali, na keki zinazoonyeshwa kwenye simu zinataka vitu ambavyo duka la mtaani halijawahi kuviuza. Basi jiko la mkaa limeachiwa maharage na chai, na kuoka kumehesabiwa kuwa shughuli ya wenye majumba.

Jibu hilo silikubali, kwa sababu mwambao huu ulikuwa ukioka kabla umeme haujafika. Mkate wa sinia, mkate wa mayai, mkate wa ufuta, vileja vya Sikukuu, mkate wa mofa wa unga wa mtama unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, vyote vimelelewa kwenye kuni na makaa, toka Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba. Waliovioka wengi wao hawakuwa na mali. Walikuwa na mchele, nazi, hamira kidogo, na walikuwa wanaujua moto. Elimu hiyo ya moto, na elimu ya kazi inayofanywa na kila kitu kinachoingia kwenye bakuli, ndiyo inayoshusha gharama. Mwenye kujua yai linafanya nini ndani ya keki anajua pia lini anaweza kuliacha. Asiyejua hana budi kununua kila kilichoandikwa.

Tuanze na moto. Sufuria ya keki ikikaa juu ya jiko lililojaa makaa, chini kutaungua na juu patabaki pabichi, maana joto lote linaingia kwa upande mmoja. Wapishi wa pwani waliitatua shida hiyo zamani kwa kupalia, yaani kupanga makaa juu ya mfuniko na kuacha machache tu chini. Kwa keki au mkate mzito, sehemu moja ya makaa chini na mbili au tatu juu hutosha. Mfuniko uwe bapa, uwe mzito kiasi, na ukae sawasawa ili jivu lisipenye. Makaa yawe yameshika vizuri na yameanza kuvaa jivu. Yakiwa bado yanatoa ndimi hayajatulia, na jiko lisilotulia haliokei kitu. Vifuu vya nazi hushika moto haraka na kutoa joto kali la muda mfupi, kwa hiyo hufaa kuongezwa juu ya mfuniko dakika za mwisho, pale unapotaka uso wa mkate upate rangi. Mkaa wa mti mgumu ndio wa kukaa nao mwanzo hadi mwisho.

Namna ya kupima joto bila kipimajoto ni rahisi. Nyunyizia unga mkavu kwenye sahani ndogo ya bati, iweke ndani ya sufuria tupu iliyokwisha kupaliwa, funika, kisha funua baada ya dakika chache. Unga ukigeuka kahawia taratibu, moto uko tayari. Ukigeuka mweusi mara moja, punguza. Ukibaki mweupe, ongeza. Keki nyingi hupendezwa na joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi, na mkono uliozoea hulifikia joto hilo bila kujua namba yake.

Naupa mkate wa sinia nafasi kubwa kuliko mingine, maana sijaona kitu kingine cha kuoka kinachotoa utamu mwingi kiasi hicho kwa vitu vichache kiasi hicho. Wengine huuita mkate wa kumimina. Unataka mchele vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe au pungufu, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki iliyosagwa, na ute wa yai moja. Hakuna unga wa ngano, hakuna siagi, hakuna maziwa. Hata mchele wenyewe hauna haja ya kuwa wa daraja la juu. Chenga, zile punje zilizovunjika mashineni ambazo huuzwa kwa bei ya chini, zinafaa kabisa, kwani zinakwenda kusagwa vilevile. Angalia tu ziwe safi, hazina mawe wala harufu ya uvundo.

Mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi unachujwa maji, unasagwa na tui kwenye blenda mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chembe. Hapa ndipo mikate mingi huharibika. Mchele uliosagwa kwa haraka huzama, na mkate hutoka na tabaka gumu chini na povu juu. Kabla ya blenda kina mama walitwanga mchele uliolowekwa kwenye kinu, wakachekecha, wakarudia makapi kinuni, na kazi hiyo ilikula nusu ya siku. Sisi wenye mashine hatuna udhuru wa kuharakisha dakika tano.

Rojo linatakiwa liwe zito kuliko uji wa kunywa, liwe linamiminika kwa kujivuta. Tui liwe vuguvugu, lisiwe la moto, kwa maana hamira ni kiumbe hai: hula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na joto linalokaribia nyuzi 60 huiua. Mchele hauna gluteni, ule mtandao unaovutika ndani ya unga wa ngano na kuishika hewa isitoroke. Kinachoshika hewa katika mkate wa sinia ni uzito wa rojo lenyewe, na baadaye wanga unaoganda kwa joto. Ndiyo maana rojo jepesi halifai: mapovu hupanda, hupasuka, na mkate hulala. Sukari nayo hulainisha rojo ikiyeyuka, kwa hiyo anza na tui pungufu kidogo, kisha ongeza kama kuna haja.

Funika, weka mahali penye joto, na usubiri mpaka uso ujae mapovu na rojo lipande. Katika joto la Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari inaweza kuwa chini ya saa moja. Iringa au Limuru asubuhi ya Julai, jiandae kusubiri zaidi. Usilisahau, kwa sababu likipitiliza huingia uchachu na kushuka. Ute wa yai unachanganywa mwishoni, taratibu. Wakati huohuo sufuria au sinia lenye kina limepakwa mafuta na kupashwa. Rojo likimiminwa linapaswa kutoa sauti kidogo chini. Kingo zikianza kushika na vitundu kujitokeza, funika na upalie. Mkate uko tayari ukiwa umejitenga na kingo, umepata rangi juu, na kijiti ulichochoma katikati kinatoka kikavu. Uache upoe kabla ya kukata. Ukiukata wa moto utavutika na kushikana na kisu, nawe utadhani haujaiva.

Nazi nayo hutoa zaidi ya tui. Chicha linalobaki baada ya kukamua likikaushwa kwenye kikaango kwa moto mdogo, mpaka likawa kavu na kunukia, huingia vizuri kwenye biskuti pamoja na unga, sukari na mafuta kidogo. Nyumba nyingi huwapa kuku. Kuku wamekula vya kutosha.

Mkate wa mayai ni ndugu wa meza moja na mkate wa sinia wakati wa futari, lakini mfukoni ni mbali. Humo hakuna hamira wala mafuta. Kinachoupandisha ni hewa inayopigwa ndani ya mayai na sukari mpaka mchanganyiko uwe mweupe, mzito, na ukiudondosha uache alama juu kabla haujazama. Kisha unga huingizwa kwa mwiko, polepole, ili hewa isitoke. Mayai sita kwa kikombe kimoja cha unga na kimoja cha sukari si kitu cha ajabu. Ni mkate wa nyumba yenye kuku wanaotaga, au wa siku ya furaha. Nauheshimu, ila siuweki kwenye orodha ya kila wiki.

Na yai ndilo linalowazuia watu wengi, basi tulizungumze. Ndani ya keki yai hufanya kazi tatu. Linashika vitu pamoja, linaingiza unyevu na mafuta, na likipigwa linaingiza hewa. Kazi zote tatu zinaweza kugawiwa vitu vya bei ndogo. Kushika na kulainisha hufanywa vizuri na ndizi mbivu iliyopondwa, au robo kikombe ya mtindi badala ya yai moja. Hewa huletwa na bikaboneti ya soda ikikutana na kitu kichachu: siki, ndimu, mtindi, maziwa ya mgando, au hayo Wakenya wanayoyaita mala. Vikikutana tu, hewa huanza kutoka, kwa hiyo keki ya namna hii haitaki kusubiri. Jiko liwe tayari kabla hujachanganya. Bekingi pauda ni bikaboneti hiyohiyo iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga, ndiyo maana inaridhika na maji au maziwa matupu.

Historia ya unga huo inanigusa. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham nchini Uingereza, alitengeneza bekingi pauda mwaka 1843 kwa sababu mkewe Elizabeth hakuweza kula vitu vyenye hamira wala mayai. Alitaka mkewe apate mkate. Kitu kilichozaliwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye shida kimeingia jikoni kote duniani. Na ndivyo ilivyo kwa maarifa mengi ya kuoka kwa gharama ndogo, yalitoka kwenye uhaba. Uingereza ilianza kugawa siagi na sukari kwa vipimo Januari 1940, vita vikiwa vimeanza, na mgawo wa vyakula haukumalizika kabisa mpaka Julai 1954. Katika miaka hiyo karoti ziliingia kwenye keki ili kuongeza utamu na unyevu, na mayai ya unga kutoka Marekani yakachukua nafasi ya mayai mabichi. Wamarekani wenyewe, katika dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930, walikuwa wakioka keki zisizo na maziwa, mayai wala siagi.

Nasi tunao uhaba wetu wa kukumbuka. Tanzania, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na miaka iliyofuata, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula na hata sabuni vilipatikana kwa foleni na mgawo. Waliokuwa na familia wakati huo wanajua kuoka bila hiki na bila kile. Ingefaa wajukuu wakae nao na kuandika, kwa vipimo vya vikombe na vijiko, kabla maarifa hayo hayajaondoka na wenyewe.

Keki ya siki ni mfano mzuri wa uhaba uliogeuka kuwa ustadi. Changanya unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja, bikaboneti kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Mimina mafuta ya kula theluthi moja ya kikombe, siki kijiko kimoja cha chakula, na maji kikombe kimoja. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, na hapo uache. Kukoroga zaidi huamsha gluteni, na keki hutoka ngumu, yenye kutafunika. Ukiwa na kakao, weka vijiko vitatu vya chakula. Usipokuwa nayo, kwangua ganda la juu la ndimu au chungwa, ama weka iliki. Dakika 30 hadi 40 kwenye moto uliopimwa zinatosha. Siki haisikiki kabisa, kwani imekwisha kutumiwa na bikaboneti.

Tahadhari moja hapa. Magadi ya mawe tunayopikia makande na mboga ngumu ni jamaa ya bikaboneti, lakini yamechanganyika na kaboneti ambayo ni kali zaidi, na nguvu zake hubadilika kutoka jiwe hadi jiwe. Kwenye keki huleta ladha ya sabuni na rangi ya njano iliyofifia. Nunua pakiti ndogo ya bikaboneti ya kuokea; huingia kijiko kimoja kimoja, na hukaa muda mrefu ikifungwa vizuri.

Kuhusu mafuta sioni sababu ya kulilia siagi. Siagi ina harufu yake nzuri, na vileja vya unga wa mchele vinadai samli, hilo nakubali bila ubishi. Lakini keki ya kawaida iliyookwa kwa mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa Singida na Dodoma, hubaki laini siku nyingi kuliko ya siagi, kwa kuwa mafuta hayo hayagandi yakipoa. Tena tui zito ni maziwa na mafuta kwa wakati mmoja. Keki iliyokorogwa kwa tui badala ya maziwa inaweza kupunguziwa theluthi ya mafuta bila mlaji kujua.

Unga wa ngano ni habari nyingine, na hapa mambo ya dunia huingia jikoni bila kubisha hodi. Tanzania na Kenya hulima ngano, Hanang na Karatu, Narok na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa tunayokula huagizwa kutoka nje. Urusi na Ukraini zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa baina ya mataifa. Vita vilipozuka Februari 2022 bei zilipaa, na Mei mwaka huohuo India nayo ikazuia ngano yake isitoke. Mkate wa duka la kona ulipanda bei kwa watu wasiojua hata Odesa iko wapi. Mwenye kujua kuchanganya unga hakuumia sana.

Kuchanganya kwenyewe kuna mipaka. Kwenye mkate wa hamira, unaotegemea gluteni ili upande, sehemu moja ya unga wa muhogo kwa sehemu tisa za ngano karibu haitambuliki. Ukizidisha, mkate hupasuka na kuwa mzito. Keki inavumilia zaidi, kwa sababu haidai gluteni nyingi. Robo ya unga ikiwa dona, hasa dona iliyosagwa laini, huleta ladha ya mahindi yenye kupendeza, na inapatana sana na mtindi. Unga wa mtama mwekundu huipa keki rangi ya udongo na harufu ya karanga. Watoto waliozoea vyeupe watauliza maswali siku ya kwanza, kisha watakula.

Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndivyo ninavyovitetea zaidi ya vyote. Vina kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kwa kazi ya kuviendeleza na kuvieneza Afrika, Robert Mwanga wa Uganda pamoja na Maria Andrade na Jan Low walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Rwanda kiwanda cha Urwibutso kimetengeneza biskuti ambazo sehemu ya unga wake imebadilishwa kwa rojo la viazi hivyo. Nyumbani hakuhitajiki kiwanda. Chemsha, menya, ponda vingali moto, na uweke kikombe kimoja cha rojo mahali pa nusu kikombe ya unga, sehemu ya sukari na sehemu ya mafuta. Boga lililochemshwa hufanya vivyo hivyo, ila lina maji mengi, likamue kwanza. Ndizi ni rahisi kuliko vyote. Jioni, muuza matunda anapofunga biashara, zile zenye madoa meusi ambazo hakuna anayezitaka huuzwa kwa bei ya kutupa, nazo ndizo tamu kuliko zote na zinazopondeka vizuri. Tatu za wastani zikipondwa zinaweza kuchukua nusu ya sukari ya keki.

Kuna mkate mmoja ambao napenda kila kijana anayeanza maisha aujue, kwa sababu hauna hamira, haukandwi, na unatoka jikoni ndani ya saa moja. Unga wa ngano vikombe vitatu, bikaboneti kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, na mtindi au maziwa ya mgando kikombe kimoja na robo hivi. Changanya kwa mkono upesi, fanya duara, kata alama ya msalaba juu ili moto upenye, weka kwenye sufuria iliyonyunyiziwa unga na upalie. Watu wa Ireland wamekuwa wakiuoka tangu karne ya 19, na maskini wao waliokosa oveni walitumia chungu cha chuma chenye mfuniko bapa, wakapanga juu yake makaa ya udongo wa kinamasi uliokaushwa. Mpishi wa Pemba angeingia kwenye jiko hilo na kushika koleo bila kufundishwa.

Moto wenyewe ni gharama, na mara nyingi husahaulika katika hesabu. Mtu huhesabu sukari mpaka gramu ya mwisho kisha akawasha jiko zima la mkaa kwa ajili ya keki moja ndogo. Oka baada ya chakula cha mchana, makaa yakiwa yamekwisha kuivisha maharage na bado yana nguvu. Oka viwili kwa mfululizo, cha kwanza kinachotaka joto kali, cha pili kinachoridhika na joto linaloshuka, kama biskuti au chicha la kukausha. Na hamira ya zamani ijaribiwe kabla ya kuaminiwa: kijiko ndani ya maji vuguvugu yenye sukari kidogo, na isipotoa povu kwa dakika kumi, usiipotezee unga. Vipimo navyo viwe vya kikombe kilekile mwanzo hadi mwisho, kilichosawazishwa juu kwa kisu. Kubadilisha kikombe katikati ya kazi ni njia ya uhakika ya kupoteza vyote.

Mkaa, hata hivyo, una madhara yasiyofichika. Moshi wake huumiza mapafu, misitu huisha, na ukitumiwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono. Lakini gesi ina moto wa chini peke yake, na mpishi aliyezoea kupalia hujikuta amenyang'anywa nusu ya jiko lake. Hilo linastahili kusemwa waziwazi na kupatiwa dawa, la sivyo mikate hii itabaki kwa wauzaji wachache.

Dawa ipo. Chukua sufuria kuukuu na nzito, usitumie ile isiyoshika chakula maana kuipasha tupu huiharibu. Mwaga ndani yake mchanga uliooshwa na kukaushwa, au chumvi ya mawe, kimo cha vidole viwili. Weka juu yake kiti cha waya au sahani ya bati iliyopinduliwa, funika, na upashe kwa moto wa wastani dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha ingiza chombo cha keki, punguza moto, funika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa safi kwa ndani ili unyevu usidondokee keki, ncha za kitambaa zikiwa zimefungwa juu mbali na ndimi. Saa moja hivi itatosha, na usifunue katika nusu saa ya kwanza. Keki itaiva vizuri ila uso wake utabaki mweupe. Ukitaka rangi, ipindue kwenye kikaango kikavu chenye moto mdogo dakika moja au mbili. Mkate wa sinia nao hukubali njia hii bila matata.

Mkate wa ufuta ndio ulionitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa kawaida yake ni kupinduliwa juu ya makaa. Unga wake wa ngano hukorogwa na tui, hamira, chumvi na ute wa yai ukawa laini sana, wenye kunata, ukapigwapigwa kwa mkono mpaka uvutike. Ukishaumuka unatandazwa kwa mkono uliolowa kwenye kikaango cha chuma cha moto kisicho na tone la mafuta, na lazima ushike. Ndiyo sababu vikaango vya kisasa visivyonata havifai hapa: ukipindua, mkate unaanguka motoni. Kwenye gesi, acha chini ishike vizuri kwanza, nyunyizia ufuta juu, kisha inua kikaango kwa kitambaa kinene, kiinamishe uso ukiangalia ndimi, umbali wa shubiri moja hivi, na ukizungushe bila kusimama mpaka ufuta unukie na uso uwe na madoa ya kahawia. Rudisha wima, pitisha kisu pembeni, na mkate utajitenga wenyewe. Upake samli kama ipo, usipate shida kama haipo. Unaliwa ungali wa moto, na mishikaki au mchuzi wa kuku, na kikaango kisioshwe kwa sabuni bali kifutwe tu.